Mikono Niliyomfungia Nyaboke Bendeji

Mwanangu, kuna Jumanne moja ya mvua ambayo haijanitoka moyoni hadi leo, ingawa miguu yangu imeshasahau njia nyingi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa muuguzi msichana, sijamaliza hata mwaka kazini katika hospitali moja huku kwetu Kisii. Wodini alilazwa Nyaboke, mtoto wa miaka sita kutoka Kebirigo, mwenye uvimbe wa saratani kwenye taya. Dawa aliyopewa ilikuwa kali. Iliupunguza uvimbe, lakini pia iliupunguzia mwili wake nguvu za kupigana na viini, hata kidonda kidogo kingeweza kumwangusha. Hayo niliyajua vizuri. Tulifundishwa, nikayaandika daftarini kwa mwandiko mzuri.

Siku hiyo bomba lilikauka. Maji tuliyachota kwa ndoo kwenye tangi nyuma ya jikoni. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kumfunga mzee mmoja kidonda cha mguu kilichotoa usaha, nikasikia Nyaboke analia. Bendeji iliyoshikilia mpira wa dripu mkononi mwake ilikuwa imelegea. Nikatazama ndoo, tupu. Nikatazama mvua. Nikapangusa mikono kwenye aproni, nikamfunga upya, nikambembeleza mpaka akacheka. Nilijiona mwenye huruma sana.

Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Alhamisi mkono wa mtoto ulivimba ukawa mwekundu, na homa ikampanda. Sista Bosibori, mkuu wa wodi yetu, mama wa makamo kutoka Ogembo, aliuliza ni nani aliyefunga ile bendeji. Nilijifanya nakunja mashuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa naficha maradhi ya mtoto wa mwenzangu.

Mchana aliniita kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango taratibu.

"Sikuulizi ili nikufukuze," alisema. "Nauliza ili daktari ajue viini vimetoka wapi."

Nikamwambia yote, habari ya mzee na ya ndoo. Hakunifokea. Alikwenda kwa daktari, dawa ikabadilishwa saa ileile. Kisha akarudi akaniambia, "Sasa nenda kwa mama yake. Asisikie kwa mtu mwingine."

Kutoka pale hadi kitanda cha Nyaboke hazikuzidi hatua ishirini, lakini sijawahi kutembea mbali hivyo. Mama yake alikuwa mkulima, mikono migumu kwa kuchuma chai, mtu wa maneno machache. Nilipiga magoti, nikamweleza kwa Ekegusii, lugha yetu, nilichofanya. Aliendelea kumpepea mtoto kwa kanga.

"Kama ningekuwa mimi," alisema mwishowe, "ningesema sikujua. Wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

Akanitazama, macho mekundu kwa kukesha. "Basi kanawe. Ukimaliza uje umshike wewe, nijinyooshe kidogo. Siku mbili sijalala."

Nilinawa kwa sabuni hadi viwiko, nikachemsha kila kitu kilichotakiwa kuchemshwa, nikaja nikakaa. Yule mama alilala sakafuni kwenye mkeka, usingizi mzito, akiniamini mimi. Hapo ndipo nilipolia.

Homa ilishuka siku ya tano. Nyaboke alimaliza dawa zake, akaenda nyumbani wakati wa mahindi mabichi, shavu lake likiwa karibu kulingana na lenzake. Lakini sikudanganyi, wako watoto wengine tuliowapoteza kwa homa kama ile, na sitajua kamwe ni mikono ya nani iliyowashika.

Sasa wewe unaanza kazi hii. Nawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, hata kama maji yako mbali na mtoto analia. Mtoto akilia kidogo hafi. Ukiwa na mafua, sema, ukae mbali na wagonjwa wa saratani. Jamaa wakija kumi kutoka Nyamira na ndizi zao, wapokee kwa heshima, kisha waombe waingie mmoja mmoja, wanawe. Hawajui mpaka uwaeleze. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku hiyohiyo. Huruma bila usafi inaua, na kosa linalofichwa linaua mara ya pili.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe na ulimi usioogopa kweli. Na kila mama atakayekuachia mtoto wake, alale.