Chumba chetu ndani ya ordinatere

Bapendwa basomaji wa ukurasa huu, jambo kwenu. Muko salama? Batoto wanaendelea? Mimi niko mama wa miaka makumi ine na saba, hapa Nchelenge. Nilizaliwa ngambo ya ziwa, upande wa Congo. Bwana yangu ni Mubemba, anauzisha samaki ya kukauka. Mungu alitupa batoto bane benye kuishi. Ninaandika juu ya mwengine, mwenye batu hawamuhesabu. Munifiche jina.

Mulamu wangu, mudogo wa bwana yangu, anachora majumba Lusaka. Alikuja likizo na ordinatere, kompyuta ya kazi yake, ile ya kubeba mu mukono. Mbele ya kuja, bwana yangu alimutumia vipimo vya parseli yetu, kiwanja chote: kisima, tanuru ya samaki, muti wa mapera. Basi tukakaa ku mukeka, akafungua, na nyumba yenye haijajengwa ikasimama mule. Akaizungusha. Akatosha paa, akaiweka pembeni, tukaona vyumba. Akisogeza ukuta, paa inaufuata yenyewe. Hata mama mukwe, mulamu alimuweka ku mulango, picha ya kamutu kadogo. Mama akachungulia: "Mawee, mimi niko mwembamba vile?" Tukacheka sana.

Kisha akatuingiza chumba cha kulala. "Mulamu, hapa njo penu. Dirisha inaangalia ziwa, utaamka unaona mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga."

Nikatafuta muti wa mapera. Ukuta ulikuwa karibu yake. Pale chini ya kitanda chetu njo mutoto wangu amelala.

Alizaliwa kimya. Kwetu huku mutoto wa vile anazikwa na bamama peke yao, karibu na nyumba, bila kilio, bila alama, na mwanaume haonyeshwe pahali. Siku ile mama mukwe alinishika mukono: "Nyamaza, mwana, kilio kisifunge tumbo, bengine bakakosa kuja." Kwa hiyo bwana yangu alipopima, alipima kwa haki. Aliona udongo tu.

"Kuko kitu unataka nisogeze?" mulamu akaniuliza. "Sasa ni kidole tu. Bakishachimba, hakuna tena."

Nikaangalia mama mukwe. Yeye akaangalia mukeka. Nikasema, "Iko muzuri, asante." Bwana yangu akanishika bega mbele ya batu, kitu chenye hafanyaki.

Nilimufuata mama mu jiko. "Binti yako iko na mimba," akaniambia. "Unataka kutosha maneno hayo sasa?" Na yeye alikuwa analia.

Mulamu amerudi Lusaka. Mvua ikikatika ataleta karatasi za mwisho, na vijana ba kanisa watakuja na majembe kuchimba musingi. Nikisema, ninavunja neno la bamama, na ninaogopa kwa binti yangu, mimba yake isiharibike. Nikinyamaza, jembe litamufikia. Kila asubuhi ninafagia pale nikimuomba Bwana. Miaka yote ninafagia pale. Bwana yangu anafikiri ninapenda usafi.

Bamama wenzangu, na bababa pia, munishauri, nifanye nini? Ninawaomba munijibu mbio, mvua ingali inanyesha.