Vicheko Walivyovikata

Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa wamisheni, na hilo la nne lenyewe nilirudia. Nasema mapema asije mtu akaniuliza kompyuta inafanyaje kazi. Sijui. Ninachojua ni kwamba mwalimu mmoja wa chuo cha uandishi wa habari pale Masasi alinichafulia jina kwa hiyo kompyuta, nami nikamlipa. Mpaka leo nikikumbuka nalala vizuri.

Soko huria lilikuwa limekwisha kukolea, mambo yote ruksa. Kila mwenye vyumba viwili alifungua kitu. Huyu mitumba, yule duka la dawa, na nyuma ya gesti moja wakafungua chuo. Kompyuta zimefunikwa vitambaa kama bibi harusi, na vijana wetu wanafundishwa kuandika habari za mtandaoni: maneno, picha na sauti, vyote mahali pamoja. Mwalimu wao alizaliwa Dar es Salaam, ingawa baba yake ni Mmakonde wa Mnyambe, kule Newala. Kijana msafi, akipita barabarani anatembea kama anaruka madimbwi, hata kiangazi.

Sasa mimi ni Mmakua. Mmakua na Mmakonde ni watani, na mtani ana kazi yake msibani. Wafiwa wanalia, mtani anavaa nguo ya marehemu, anaigiza mwendo wake, anamsema marehemu mpaka waliao wacheke. Pasipo mtani, watu husema fulani kazikwa kama mgeni. Kazi hii nilirithi kwa mjomba wangu, hodari kuliko mimi, ila alikuwa na wivu mpaka wake zake wawili wakamkimbia kwa pamoja. Hayo ni mengine.

Akafa mzee mmoja wa Kimakonde, Kitangari, huko huko Newala. Maji ya kule mlimani mnayajua: mvua ikikata, wanawake wanashuka bondeni kuyafuata, wanayapandisha kichwani. Mzee huyo alikuwa na tangi la saruji la maji ya mvua, na alilitia kufuli. Basi nikavaa kanzu yake, nikasimama mbele ya jeneza.

"Leo mmemwogesha ndoo nzima," nikasema. "Shukuruni amekufa, angeyakinga yarudi tangini. Na ufunguo msiutafute kitandani. Mpanueni mdomo, kaumeza huyu."

Mjane mwenyewe alicheka akashika mbavu. Wanafunzi wa chuo walikuwepo na mashine zao, wakanipiga picha, wakachukua na sauti. Sikujali. Nilidhani wanafurahi kama wengine.

Haukupita muda binti yangu akapiga simu dukani kwa jirani, kutoka Dar es Salaam, analia. Wakwe zake ni watu wa mbali, hawana utani na sisi. Wameniona mtandaoni, kinywa wazi, na juu ya picha maandishi makubwa: MLEVI AVURUGA MAZISHI. Baba mkwe wake akasema hakai mkeka mmoja na mtu anayetukana maiti. Mjukuu wangu wa kwanza akapewa jina mimi sipo, na jina la mjomba nililolituma halikupokelewa. Pombe nakunywa, sikatai, ya mabibo ya mkorosho hasa. Lakini msibani siendi nimekunywa. Mlevi hawezi kuchekesha wafiwa, anajichekesha mwenyewe.

Nikaenda chuoni. Wanafunzi wakasimama, shikamoo mzee, shikamoo mzee. Mwalimu akanisikiliza huku anatazama kioo cha kompyuta.

"Mzee, ile ndiyo habari yetu iliyosomwa kuliko zote."

"Haikuwa habari. Ulikuwa utani. Ifute."

"Tukianza kufuta, nani atatuamini?" Akawageukia wanafunzi. "Mnaona? Habari nzuri chanzo chake hukifuati, kinakuja chenyewe kwa miguu."

Wakacheka. Kisha akaibonyeza ile sauti ya Kitangari ili nisikie. Nikajisikia nasema peke yangu, kama mwendawazimu anayegombana na ukuta.

"Vicheko viko wapi?" nikauliza. "Mjane alicheka. Watu wote walicheka."

"Tulivikata, mzee. Zilikuwa kelele."

Nikatoka. Njiani sikumjibu mtu salamu. Wengine husema mwachie Mungu. Mimi nilimwambia Mungu aniachie mimi huyu mmoja.

Misimu ya korosho ikapita, nami nasubiri, sikumsema kwa mtu. Kisha baba yake mwalimu akafariki Mnyambe, na ukoo ule ukaniita, kwa sababu mtani wao ni mimi. Nikapanda gari la korosho usiku usiku nisije nikachelewa. Nilipofika nikakaa kwenye jamvi, mikono kwapani, kimya.

Jeneza likatolewa. Watu wakaanza kutazamana. Mjane, ambaye pale kijijini wanamwita Mama Mwalimu, akanijia mwenyewe.

"Mtani, mume wangu kakukosea nini mpaka umzike kama mbwa?"

"Mume wako hajanikosea, Mama Mwalimu. Naogopa kuvuruga mazishi. Muulize mwanao, mimi ni mlevi."

Wazee hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Wakamwita mwalimu pembeni, wakasema naye, sikusikia nini. Akaja. Macho yamemvimba kwa kilio na, niseme ukweli, sikumwonea huruma.

"Shikamoo, mzee."

Nikaiacha ining'inie kidogo. "Marahaba."

"Unataka nifanye nini?"

"Simama pale kwa baba yako useme. Wanafunzi wako si hao wamekuja na mashine? Wachukue."

Akasimama. Akasema mtani huyu hakuwa mlevi kule Kitangari, alikuwa kazini, na sisi tulikata vicheko vya wafiwa.

"Sisikii," nikasema. "Kuna kelele."

Akarudia kwa sauti. Hapo ndipo nikaomba koti la marehemu. Nikalivaa, nikajining'iniza kifuniko cha sufuria shingoni kama kamera, nikatembea naruka madimbwi katikati ya vumbi la Mnyambe. "Wanangu," nikawaambia wafiwa, "punguzeni vilio, ni kelele hizo. Marehemu, geuka kidogo nikupige picha. Hageuki! Huyu hajasoma." Nikaona mabega ya Mama Mwalimu yanatikisika, nikajua si kilio. Jamvi zima likaanguka kwa kicheko. Wanafunzi walicheka mpaka mashine zikawatetemeka mikononi. Mwalimu hakucheka.

Walivirusha vyote mtandaoni, maneno yake na utani wangu, na vicheko vimo. Nasikia sasa kila wanafunzi wapya wakija mwalimu anawasikilizisha ya Kitangari kwanza, halafu ya Mnyambe, anawauliza nini kimekosekana. Binti yangu akasema mkwe wake ameitazama, ananiita nikamwone mtoto. Nilimwambia mtoto nitamwona, mkwe atoke mkekani kwanza.

Siku moja mwalimu akanikuta stendi ya Masasi, akanisalimia kwa adabu.

"Ile habari nimekwishaisahihisha, mzee, na darasani nafundisha. Tumemalizana?"

"Na mama, uliyebaki naye, hajambo?" nikamuuliza.

"Hajambo."

"Basi bado."