Maziwa ya Mgeni

Biashara ilipoachiwa huru, Morogoro ilijaa wauza maziwa, nasi wa maabara tukatumwa kuyapima vijidudu. Nilikwenda Bigwa kwa mama mmoja mfugaji, nikaomba chupa moja. Kwenye kipimo hakikuonekana kijidudu hata kimoja! Nikaonja yaliyobaki: lo, yana sukari na iliki. Nikarudi kwake nimefura.

“Shikamoo mama. Mbona uliyachemsha?”

“Marahaba. Nimpe mgeni mabichi, augue?”

“Na unayouza mjini?”

“Hayo mabichi. Mteja si mgeni wangu, mwanangu.”

Nilicheka hadi hasira ikaniisha. Kesho yake koti langu jeupe la maabara nililiacha nyumbani, nikamngoja mjini na chupa yangu kama mteja yeyote. Vijidudu tulivikuta tele. Safari hii sikuonja.