Miezi Miwili ya Fundi Tisa

Kaka yangu ni seremala. Mtaani wanamwita Fundi Tisa, maana mashine ya kuranda mbao ilimla kidole kimoja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sasa mtu kama huyo mwambie pafu lake lenye uvimbe linakwenda kukatwa na roboti.

"Daktari mwenyewe atakuwa wapi?" aliniuliza.

"Pembeni, amekaa, anaiongoza mikono ya roboti kwa vidole vyake."

"Amekaa. Mimi hata mguu wa stuli siukati nikiwa nimekaa."

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, huu mwaka wa kumi na tisa. Zamani tulipasua kifua, tukatanua mbavu, na mtu akakaa miezi mkono hauinuki. Siku hizi ni vitundu vichache tu, na wanaofanyiwa kwa mashine wanazidi kila mwezi. Nilimweleza mpaka mate yakanikauka. Jambo moja nilimficha: kando ya kitanda husimama daktari wa pili, amenawa, na vifaa vya kufungulia kifua viko tayari. Damu ikivuja, mashine inasogezwa, kazi inamaliziwa kwa mikono. Nikitaja damu atakimbia, nilijiambia. Ndugu yangu namjua mimi.

Akanipiga chenga miezi miwili. Leo kabati la mteja, kesho mafua, na kikohozi kinamkata maneno. Mwisho nilimkokota, akatia sahihi huku ameninunia.

Siku yenyewe nilizuiwa kuingia, ndugu haruhusiwi. Nikakaa kwenye benchi, nikasimama, nikakaa tena, nikamfokea mfagiaji wa watu bila kosa. Kila hatua ya kazi ile najua inachukua dakika ngapi, na kujua huko ndiko kulikonitesa. Muda wa kawaida ukapita, ukapita tena.

Daktari akatoka, barakoa iko kidevuni. "Yuko hai," alianza, nikajua kuna la pili. Uvimbe ulikuwa umeshika mshipa wa damu, mshipa ukachanika, ikabidi wafungue kifua.

"Kwenye picha ya kwanza, miezi miwili iliyopita, ulikuwa haujafika pale," alisema kwa upole. Upole ule uliniuma kuliko matusi.

Kesho yake kaka akapapasa bandeji. "Vitundu vyako mbona virefu?"

Nikamweleza yote, mpaka yule daktari wa pili.

Alihema kwa shida, akanitazama. "Kwa hiyo mikono ya mtu ilikuwepo pale tangu mwanzo?"

"Ilikuwepo."

"Mdogo wangu, si hilo ndilo nililokuwa nakuuliza?"