Landrova ya Selestini na Petroli ya Boti

Winfrida alikuwa anamalizia sala ya asubuhi uani Oswald alipoingia bila hodi, suruali imelowa hadi magotini, dumu mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

Oswald aliweka dumu chini. "Mwanangu, kaka ametutoka. Jana jioni, kule Mwamgongo. Alikuwa anatengeneza injini ya boti, kifua kikambana. Wanamleta. Saa nne boti itakuwa mwaloni Katonga."

Hivyo ndivyo habari ya kifo cha Selestini, baba yake Winfrida, ilivyoingia nyumbani kwake Mwanga, mjini Kigoma, mwanzoni mwa mwaka 1997. Winfrida alilia, kisha akajifuta uso, kwa sababu kulikuwa na swali lisilongoja: nani atamleta baba kutoka mwaloni? Magari ya mji karibu yote yalikuwa yamekodiwa kubeba wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Kongo. Ilibaki Landrova ya Selestini mwenyewe, iliyosimama uani juma zima bila petroli. Winfrida hakutaka baba yake aletwe kwa mkokoteni, yeye aliyewabeba watu wengi hadi hospitali kwa gari hilo.

Oswald akafungua tangi. "Nimekuja na mchango wangu," alisema, akamimina dumu lote.

Winfrida akawasha. Starta ilizunguka vizuri, injini ikakohoa, ikatoa moshi mzito, ikazima. Mara ya pili haikukohoa kabisa.

"Tulisukume!" Oswald akapiga kelele.

"Subiri, baba mdogo."

Kila asubuhi, baada ya sala na kabla ya chai, Selestini alikuwa akifungua boneti na kumwita binti yake. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakizamisha tena, ndipo akamwonyesha alama. Walitazama maji ya rejeta na kukaza ncha za betri. "Gari halina ukaidi," alikuwa akisema. "Likikataa kuwaka, lina shida yake. Tazama kama starta inazunguka, kama plagi zinatoa moto, kama petroli inafika. Moja baada ya jingine. Usirukeruke kama chura wa mto Luiche." Halafu alijichekea mwenyewe, na chai ilikuwa imeshapoa.

Starta ilikuwa imezunguka; hapo hapakuwa na shida. Winfrida akachukua spana, akafungua plagi ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, imelowa, inanuka oili. Zote nne zilikuwa hivyohivyo.

"Baba mdogo, petroli hii umeitoa wapi?"

"Kwenye boti. Kwani petroli si petroli?"

"Ya boti ina oili ndani!"

"Nilizidisha oili kidogo, injini yangu imezeeka," Oswald alisema, akitazama chini.

Mapendo, mama mkimbizi wa Kikongo waliyeishi naye tangu Novemba, akatoka jikoni na mtoto mgongoni. "Oswald, umenywesha gari supu ya dagaa!" Hata Oswald akacheka, machozi yakimtoka.

Wakafungua nati chini ya tangi, wakamwaga yote. Winfrida akasugua plagi kwa brashi ya waya na kuzifuta hadi zikakauka. Lakini petroli safi iliyobaki nyumbani ilikuwa moja tu: lita tano za dumu la stoo, alilolichora msalaba Selestini mwenyewe. Zilikuwa za wajawazito waliozidiwa, na hakuna aliyezigusa kwa safari nyingine. Winfrida alisimama mlangoni mwa stoo, akilitazama dumu.

"Dada, chukua," Mapendo akasema. "Miye na mtoto huyu tulibebwa na mafuta ile siku ya kuzaa. Leo baba naye abebwe."

Winfrida akafanya ishara ya msalaba, akalibeba dumu. Akamimina, akarudisha plagi, akasukuma petroli kwa pampu ya mkono hadi kabureta ikajaa. Starta ikazunguka mara mbili, ya tatu injini ikanguruma.

Saa nne walikuwa Katonga. Watu wa Mwamgongo walimshusha Selestini, amefungwa kwa blanketi na mkeka, wakamlaza nyuma ya Landrova. Winfrida aliendesha polepole, Oswald akiwa amekaa nyuma na kaka yake. Nyumbani wanaume walimwosha na kumvika suti yake.

Alasiri walikwenda Mwandiga, kwenye makaburi ya ukoo. Katekista alisoma Injili na kumwombea raha ya milele. Oswald alitupa udongo wa kwanza, Winfrida akafuata, kisha Mapendo na majirani. Walipanda msalaba wa mbao, wakaimba wimbo mmoja, wakarudi nyumbani kabla ya mvua.