Mpelelezi wa Baba

Nikisikia harufu ya kitabu kilicholowa, ninarudi uani kwetu, mtaa uitwao Kenya, katika mji wetu wa migodi ya shaba. Macho ya baba yalikuwa yameharibiwa na moto wa tanuru la shaba, kwa hiyo kila jioni mimi bintiye nilimsomea vitabu vya mtumba, vilivyolowa mvua, vya hadithi za mpelelezi mmoja, mlevi, asiyeogopa mtu. Tulimfuata miaka, kitabu baada ya kitabu. Katika kile cha mwisho walimpiga risasi, akafa. Hayo sikuyasoma kwa sauti.

"Mpelelezi iko wapi sasa, mama?" baba aliuliza; ndivyo alivyoniita mimi bintiye.

"Anakimbia, baba. Iko muzima."

Tangu hapo nilitunga mwenyewe, nikigeuza kurasa zilezile ili asikie. Jioni moja hadithi ilininogea mno. Baba akanishika mkono.

"Mama, leo ulisahau kugeuza karatasi. Geuza, uendelee."