Shangazi Fadhiya na Mguu wa Njiwa

Watu wa mtaa wetu wa Kibokoni wakitaka kusema kwamba fulani hana uhakika na analolisema, husema, "Huyo kauona mguu wa Njiwa." Husema huku wakicheka, na wengi wao hata hawajui Njiwa alikuwa nani. Mimi namjua, na ninamjua aliyeuona mguu wake, na kicheko hicho kimenichosha. Aliyeuona ni shangazi yangu Fadhiya, dada mdogo wa baba yangu, na leo nataka kulisema jambo hili mpaka mwisho, Baba apende asipende.

Zama hizo televisheni mtaani kwetu ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya babu yangu. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini kisa hiki nimekisikia mara nyingi kuliko Baba anavyodhani, na kutoka pande zote mbili. Televisheni iliwekwa juu ya kabati la vyombo katika sebule ya chini, ikaelekezwa mlangoni ili hata waliojaa barazani nje waweze kuona. Jumamosi jioni kulikuwa na kipindi cha mieleka kutoka ng'ambo. Wanaume wa Kibokoni walikuja wote, na wa mbali pia. Alikuwapo Nicodemus, mtu wa bara aliyefanya kazi reli na kufanya urafiki na Babu. Yeye alipewa kiti kabisa. Majina ya Kizungu ya wale wacheza mieleka hayakumshughulisha mtu, waliwapa yao. Jitu moja lenye kichwa kinachong'aa liliitwa Kipara, na mwembamba aliyevaa nguo nyeupe aliitwa Njiwa.

Na wanawake wa nyumba? Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, kwenye mlango wa chumba cha ndani, na televisheni iliwapa mgongo. Kwa hiyo wenye nyumba walitazama waya na vumbi, na wageni wakatazama mieleka. Lakini Shangazi, wakati huo akiwa msichana, aligundua njia. Kwenye ukuta wa mbele, juu ya vichwa vya wanaume, Bibi alikuwa ametundika kioo kikubwa chenye fremu ya msaji. Ukisimama penye upenyo wa pazia ukakitazama kioo kile, mieleka yote unaiona mle. Maandishi yalitokea kinyumenyume, lakini nani alikuwa na haja ya maandishi? Shangazi hakuikosa Jumamosi hata moja, na sheria za mchezo akazijua kama walivyozijua wenye viti. Mtu akilaliwa mabega yakagusa chini, refa huhesabu mpaka tatu, naye ameshindwa. Mguu wake ukigusa kamba ya ulingo, hesabu inavunjika.

Basi ikaja Jumamosi ambayo Kipara na Njiwa walipigania mkanda. Baba alikuwa wa Kipara, Shangazi alikuwa wa Njiwa. Kipara alimbwaga Njiwa, akamlalia, akaukunja mguu mmoja wa Njiwa na kuukumbatia. Refa akapiga mkono chini: moja, mbili. Hapo wanaume walikuwa wamesharuka, wanakumbatiana wao kwa wao. Tatu. Na katikati ya makelele yale ikasikika sauti ya msichana kutoka nyuma ya pazia.

"Mguu wake uko kambani. Wa kushoto. Refa haoni?"

Sauti ya mtoto wa kike wa nyumba imesikika mbele ya wanaume wageni, na Baba, aliyekuwa kijana mwenye kujiona, alihisi ameaibishwa. Hakumgombeza. Heri angemgombeza yakaisha. Alisema tu, taratibu, kwamba mguu wa kushoto ndio huo alioukumbatia Kipara, kila mwenye macho ameuona, sasa huyu Njiwa ana miguu ya kushoto mingapi? Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kipindi kilikwisha, taarifa ya habari ikaanza, na hapakuwa na njia ya kukirudisha nyuma. Shangazi akashikilia lake: wa kushoto, nimeuona kwa macho yangu. Kila aliposhikilia, walizidi kucheka.

Najua mtaniambia mieleka ile ni maigizo, kwamba huwa wameshapatana kabla ya kupanda ulingoni. Nimeambiwa mara nyingi, na wanaoniambia hutabasamu kama wamenipa siri kubwa. Sawa. Njiwa alijua kwamba atashindwa. Shangazi yangu hakuambiwa.

Maana kicheko kile hakikubaki kwenye mieleka. Miaka ilipita, Shangazi akaolewa, akaachwa, akarudi nyumbani, akamwuguza Babu mpaka pumzi ya mwisho. Yeye ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko. Baada ya hitima, ukoo ulipokaa, alisema kwamba Babu alimwambia sehemu ya chini ya nyumba isipangishwe, akae Fadhiya maisha yake yote. Mirathi ina hesabu zake na hakuna aliyezigusa. Hili lilikuwa neno la marehemu juu ya nani akae wapi, na ndugu wakilikubali limekwisha. Wazee walikuwa wameanza kuitikia kwa vichwa. Ndipo Baba akacheka kidogo, akasema, "Fadhiya husikia kama anavyoona. Mwulizeni mguu wa Njiwa ulikuwa upi."

Wakacheka. Siku ya hitima ya baba yake mzazi, wakacheka, na neno likafia hapo. Nikifikiria mpaka leo damu inanichemka. Sehemu ya chini ikapangishwa, mwenye duka la vinyago akaifanya ghala, na Shangazi akaenda kupanga chumba Majengo. Huko anakaanga viazi vya karai mlangoni pake hadi leo, na magoti yanamwuma.

Mwaka huu mwenye vinyago alihama. Mimi ndiye ninayekaa na Baba ghorofani tangu Mama afariki, nikamwambia, Baba, sasa mrudishe Shangazi. Alikuwa anakunywa chai. Aliniuliza, akitabasamu, kama nataka amrudishe kwa ushahidi wa mguu wa Njiwa. Mzee wa umri wake, mvi mpaka kwenye nyusi, bado anajifurahisha kwa jambo lile lile. Sikumjibu, maana ningemkosea adabu. Nilichukua simu nikaanza kutafuta. Huko mitandaoni kuna watu wasio na kazi nyingine ila kupandisha vipindi vya mieleka vya zamani, Mungu awabariki. Bando zangu ziliishia huko, mpaka nikakipata: kichwa kile kinachong'aa, nguo nyeupe, mkanda.

Nilikitazama moyo ukanijaa furaha, kisha ukanishuka. Mguu ulikuwa kambani, waziwazi, tangu refa anahesabu moja. Lakini ulikuwa wa kulia. Wa kushoto Kipara alikuwa ameukumbatia, kama Baba alivyosema.

Nilimpelekea Shangazi vivyo hivyo. Alifuta mafuta mikononi kwa kanga, akatazama, akaniomba nirudishe, akatazama tena. Alizima jiko, akavaa buibui lake, akasema tuondoke.

Baba alikuwa barazani na Nicodemus, ambaye amestaafu reli siku nyingi na bado huja kupiga gumzo. Shangazi aliwapa masalkheri, akauliza hali zao na za watu wao, hakuruka hata mmoja. Kisha akanipa ishara, nami nikawawekea simu mbele yao. Nicodemus alivaa miwani. Alipofika pale, aliweka kidole kwenye simu.

"Abdulghafur, mguu uko kambani," akamwambia Baba. "Huyu mtu alidhulumiwa."

Baba aliivuta simu akatazama. Nilimwona anatafuta pa kutokea, na alipopapata uso ukamchangamka.

"Lakini ni wa kulia," akasema. "Wewe Fadhiya miaka yote watwambia wa kushoto."

"Nalikuwa nikitazama kiooni, kaka," Shangazi akajibu. "Ndiko mlikonieka."

Hakupandisha sauti. Nicodemus alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati.

"Na maneno ya baba niliyasikia kwa masikio haya," Shangazi akaendelea. "Masikio hayana kioo. Alisema nikae hapa. Haya, sasa cheka."

Baba hakucheka. Alitazama mlango wa chini uliotiwa kufuli, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kumwokoa. Sikumwokoa. Nilipanda juu, nikautoa ufunguo msumarini bila kuomba ruhusa ya mtu, nikashuka nao, naye hakunizuia.

Ndani kulikuwa na vumbi na vipande vya mbao vilivyoachwa na mwenye vinyago. Kioo cha Bibi kilikuwa bado juu ukutani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuhangaika na uzito wake. Shangazi hakukaa, hakuomba hata maji. Aliniambia kesho analeta vitu vyake, lakini kioo hiki kitoke kwanza, nishike upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukakishusha.